Waliosema Wanapanda Basi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikamwambia najua, ila sikuajiriwa kupiga taipu. Akaitazama barua yangu ya ajira, akanitazama na mimi, akasema, "Msaidizi wa mpangaji. Na ni msichana." Nikamjibu, "Ndiyo, bwana. Yote mawili." Makarani waliokuwa mlangoni wakacheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hatukuwahi kupatana vizuri.

Nayasimulia haya kwa ajili yenu vijana wa kazi ya mipango, mnaochora barabara kwenye kompyuta na kuifuta kwa kidole. Naitwa Zainabu binti Athmani. Nilizaliwa Pumwani, nikakulia Maringo, na miaka ya sabini ilipofika katikati nilikuwa nimemaliza masomo yangu na kupata kazi katika ofisi iliyoshughulikia mipango ya usafiri Nairobi. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana waliokuwamo wana watoto na wajukuu, na ugomvi wangu haukuwa na wajukuu.

Kwanza nilikabidhiwa kwa Mchoraji Mkuu, mzee mkimya ambaye vidole vyake havikuwahi kutoka wino. Alinifundisha kutumia karatasi ya kufuatishia, ile nyembamba unayoilaza juu ya ramani ukaona kilicho chini yake. Mkono ukitetemeka na mstari ukaharibika, unaukwangua wino kwa wembe, polepole, usitoboe karatasi. Kwenye pembe ya kila ramani palikuwa na visanduku viwili: herufi za jina la aliyechora, na herufi za aliyekagua. "Usiziweke herufi zako hapa kwa mazoea," aliniambia. "Ukishaziweka, umesema ya kwamba jambo hili ni kweli." Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi waliosoma kumpita, lakini hilo ndilo agizo pekee la ofisini nililolishika moja kwa moja.

Ramani tuliyokuwa tukiishughulikia ilikuwa ya mpango wa muda mrefu wa usafiri wa nchi kavu: barabara, reli, vituo vya mabasi, na hifadhi za barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara ambazo bado hazijajengwa. Mpango huo ulitazama miaka ishirini mbele. Kwa kuwa hakuna mwanadamu anayeona miaka ishirini mbele, kila baada ya miaka kadhaa ulirudishwa mezani ukaangaliwa upya, na kazi hiyo tuliiita mapitio. Katika mapitio unachukua yaliyotabiriwa, unayalinganisha na yaliyotokea, kisha unaomba radhi kwa lugha ya kitaalamu.

Ili kujua yaliyotokea, ilibidi tuwaulize watu na tuyahesabu magari. Wahesabu walikaa kando ya barabara na kidude cha kubonyeza mkononi, basi likipita wanabonyeza, lori likipita wanabonyeza. Wengine tuliingia nyumba kwa nyumba kuuliza kila mwenye kazi ametoka wapi asubuhi, amekwenda wapi na amekwendaje. Majibu hayo yalijumlishwa, yakawa mistari iliyonyooka juu ya ramani kutoka mtaa wa watu hadi mahali pa kazi zao. Watu wakiwa wengi mstari unakuwa mnene. Wakubwa waliipenda sana mistari minene, kwa sababu mstari mnene ndio ulioleta barabara.

Mhandisi wa Barabara, ambaye alikuwa chini ya Mkuu wa Kitengo lakini juu yetu sisi wengine, alinipa mitaa ya Eastlands. "Wewe ni wa huko," alisema. "Watakufungulia mlango."

Wakanifungulia kweli. Mlioanza kazi juzi hamjui jinsi mtu wa ofisi alivyopokewa siku zile katika mitaa kama Bahati, Jericho na Jerusalem. Tulikwenda jioni, kwa sababu masharti yalisema tuzungumze na mkuu wa nyumba mwenyewe, naye alipatikana jioni. Ukifika, redio inapunguzwa sauti. Watoto wanapangwa kukusalimu. Unakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono, mtu anatumwa dukani kuleta soda, na baba wa nyumba anaketi wima mbele yako kama anayepigwa picha. Mke naye anasimama mlangoni, mikono kifuani, anasikiliza.

Ndipo unauliza, "Bwana, kazini unakwendaje?"

"Kwa basi."

Nyumba baada ya nyumba, mtaa baada ya mtaa, kwa basi. Karani kwa basi, fundi kwa basi, mlinzi wa geti kwa basi. Kwetu Maringo sikuruhusiwa kuuliza, maana masharti yalikataza kumhoji jamaa yako, kwa hiyo alikuja mwenzangu Wekesa, kijana kutoka upande wa Bungoma aliyesimamia wahesabu wa barabarani. Mimi nilikuwa jikoni na Mama nikimsaidia kumenya viazi. Nikamsikia Wekesa akiuliza, nikamsikia na Baba akijibu kwa sauti yake ya ofisini, "Kwa basi, kijana wangu. Basi la asubuhi." Baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha sabuni upande wa pili wa reli. Alitoka nyumbani na koti na tai, na sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Mama aliendelea kumenya viazi.

Basi tukachora. Mstari wa Jogoo Road ulitoka mnene hata Mchoraji Mkuu akabadilisha kalamu. Shida ikaja tulipoulinganisha na hesabu ya mabasi. Mabasi yaliyohesabiwa yasingeweza kuwabeba watu wale wote hata kama nusu yao wangelala juu ya paa. Katika mapitio yoyote jambo hili hutokea, takwimu mbili hazipatani, na mpangaji anatakiwa kuzisawazisha, yaani kutafuta ipi imekosea. Mkuu wa Kitengo hakupoteza muda.

"Wahesabu walilala," alisema. "Ongezeni mabasi kwenye hesabu mpaka yatoshe."

Wekesa alikuwa amesimama karibu na dirisha. Uso wake ulibadilika, lakini alikuwa kibarua wa mkataba tu. Mabasi yakaongezwa. Mabasi ya karatasi ni rahisi sana kuyanunua.

Juu ya hesabu hiyo mapendekezo yakajengwa. Jogoo Road ipanuliwe kwa ajili ya mabasi. Kandokando ya reli, kuanzia nyuma ya Makongeni hadi ng'ambo ya Makadara, ipite barabara mpya ya malori. Na kati ya barabara hiyo na reli usimame ukuta mrefu usiokatika, kwa usalama, kwa kuwa vijia vya kuvukia reli "havina watumiaji wa maana". Maneno hayo yaliandikwa hivyohivyo. Nilipewa mimi niuchore ukuta.

Wekesa akanifuata nje nikinywa chai. "Dada Zainabu," alisema, "mimi sikulala. Nilihesabu basi zote. Zilikuwa zimejaa pomoni, lakini basi haliwezi kubeba mtaa mzima. Kesho usije ofisini asubuhi. Njoo nyuma ya Makadara, pale njia ya miguu inapovuka reli. Uje mapema, halafu uniambie kama nililala."

Nikaenda. Ulikuwa msimu wa mvua ndefu, na udongo mweusi wa kule mnaujua, ukikanyaga unaondoka nao. Nilisimama upande wa viwandani, kando ya kibanda cha mama muuza uji, nikawaona wakija. Sikuwahi kuwaona watu wengi hivyo wakitembea kimya. Walitoka Makadara, Maringo, Jericho, wengine mbali zaidi, wakavuka reli mmojammoja wakiangalia kushoto na kulia, suruali zimekunjwa hadi magotini. Wakishavuka wanaketi juu ya mawe. Wanavua viatu vya matope, wanatoa viatu vya ngozi kwenye mfuko wa karatasi, wanajifuta miguu kwa kitambaa, wanavaa soksi. Wanashusha suruali. Wanafunga tai. Halafu wanainuka, na ukiwaona kutoka hapo kwenda mbele ungeapa wameshuka kwenye basi sasa hivi.

Niliwatambua baadhi yao. Niliketi kwenye viti vyao, nikanywa soda zao.

Kisha akaja Baba. Alikuwa amevaa akala, ndala za mpira wa gari. Baba yangu, aliyetukataza sisi watoto kuvaa akala hata kwenda chooni, akisema hizo ni za wachunga mbuzi! Koti alilikunja ndani nje na kulibeba begani lisilowe. Alivuka reli, akaketi juu ya jiwe, akaanza kujifuta kidole kimoja kimoja kwa uangalifu uleule aliokuwa nao akijiandaa kwenda msikitini Ijumaa. Niligeuka nikampa mgongo, nikajifanya namlipa mama wa uji. Sikutaka anione nimemwona. Moyo uliniuma vibaya sana, na papo hapo hasira ikanipanda, si kwa Baba, bali kwa ule ukuta niliokuwa nimeanza kuuchora jana yake.

Nyinyi vijana mtauliza, kwa nini wanaume wazima waseme uongo kwa jambo dogo hivyo? Halikuwa dogo. Mtu aliyepata nyumba ya mtaa na kazi ya mwezi alitarajiwa kupanda basi. Waliotembea ni wale wa vibanda vya Mathare waliotoka alfajiri kutafuta kibarua, hivyo ndivyo watu walivyosema. Kumbe mshahara ulikuwa hautoshi nauli na unga pamoja, na kila mwanamume alidhani ni wake peke yake usiotosha. Asubuhi waliketi jiwe moja wakivaa viatu, jioni kila mmoja akasema basi. Sisi wataalamu nasi tukaenda kumuuliza mtu swali hilo sebuleni kwake, mbele ya mke, watoto na soda.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kitengo nikamweleza. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa msafi, mchapa kazi, na aliipenda Nairobi kama mtu anavyompenda mtoto anayetaka afaulu kuliko majirani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jedwali linasema wanapanda basi," alisema. "Na si mimi niliyesema, ni wao wenyewe."

"Wamesema kwa aibu, bwana. Nimewaona kwa macho yangu."

"Macho yako si uchunguzi. Halafu, Bi Zainabu, mpango huu ni wa miaka ishirini ijayo. Miaka ishirini ijayo watu hao watakuwa na magari."

"Basi tuwajengee ukuta leo wakae nyuma yake wakingoja magari?"

Mhandisi wa Barabara alikohoa, akaangalia viatu vyake. Mkuu wa Kitengo akasema taratibu, "Malizia ramani. Weka herufi zako. Mwisho wa wiki inapigwa chapa."

Nikamaliza ramani. Nilimaliza kila kitu isipokuwa ukuta, na herufi zangu sikuziweka. Niliirudisha juu ya meza yake ikiwa na kisanduku kitupu. Aliniuliza ninajua maana ya ninachofanya. Nikasema ninajua, na kama anataka herufi pale aweke zake. Ukuta aliuchora mtu mwingine, na mimi nikahamishiwa stoo ya ramani, chumba cha chini kisicho na dirisha, nikapange karatasi kuukuu kwa alfabeti. Watu walinipita kwenye ngazi wakinionea huruma. Nikawaambia huruma yao waipeleke Makadara.

Lakini kulikuwa na utaratibu mmoja ambao Mkuu wa Kitengo hangeweza kuuruka. Kabla mapitio hayajapitishwa, rasimu ilibidi ipelekwe kwa wakaazi na kubandikwa ukutani katika ukumbi wa mtaa, wakubwa waje, watu waulize maswali. Kwa kawaida walihudhuria wazee wawili watatu na watoto waliofuata gari. Nikaamua safari hii ukumbi utajaa. Jioni baada ya kutoka stoo nilianza kupita zile nyumba nilizokuwa nimehoji, safari hii bila jalada wala kalamu, nikawaeleza kuhusu ukuta.

Kila mtu alikasirika. Na kila mtu alikasirika kwa niaba ya mwingine.

"Ni ubaya mkubwa, dada yangu," alisema fundi mmoja wa Jericho ambaye nilimwona kwa macho yangu akikamua soksi. "Mimi napanda basi, lakini yule jirani yangu hapo? Ataumia sana." Nikaenda kwa jirani. Jirani akasema, "Mimi ni mtu wa basi. Ila fundi, maskini, nasikia huwa anatembea." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Walikuwa tayari kupiga kelele juu ya ukuta, lakini kusimama na kusema "mimi natembea", hapana. Na bila hilo Mkuu wa Kitengo angewauliza swali moja tu na mambo yangeishia hapo. Nilimjua.

Nyumbani kwetu sikusema kitu. Ningemwambia nini Baba? Ila habari za ukuta zilikuwa zimeenea mtaani, na usiku mmoja tukila aliniuliza, macho kwenye sahani yake, "Huo ukuta wenu unaanzia wapi?"

"Si wangu, Baba. Unaanzia nyuma ya Makongeni, hauna mwanya mpaka ng'ambo ya Makadara."

"Hauna mwanya kabisa?"

"Hauna."

Akatafuna kwa muda mrefu. "Mtu atazunguka mpaka wapi?"

"Mpaka kule daraja la barabara. Atachelewa kazini kila siku, au atoke nyumbani kabla ya adhana."

Mama akamwongeza Baba mchuzi bila kuulizwa.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hata madirishani. Wanawake walikaa upande mmoja na watoto wao, wanaume upande mwingine, vijana wakasimama nyuma. Ramani ilibandikwa mbele, na ukuta ulikuwa mstari mwekundu mzuri uliochorwa na mkono mzuri. Mkuu wa Kitengo alizungumza vizuri sana juu ya Nairobi mpya. Maswali yakaanza, yote ya aina ileile: kuna watu wanaopita pale, kuna wengine watapata taabu, kuna majirani. Alisubiri, kisha akauliza nilichojua atauliza.

"Wananchi, nawaomba jambo moja. Yeyote hapa anayekwenda kazini kwa miguu, asimame tumwone."

Wanaume waliangalia sakafu. Wake zao waliwaangalia wao. Mkuu wa Kitengo alianza kukunja karatasi zake, akanitupia jicho kule nilikosimama karibu na mlango. Nami nilianza kufikiria kazi nyingine ninayoweza kufanya mjini, maana ile nilijua imekwisha.

Ndipo Baba akasimama. Alikuwa amevaa koti lake na tai yake. Alijirekebisha kola kwanza.

"Mimi naitwa Athmani," alisema. "Ni karani wa stoo. Natembea."

Mkuu wa Kitengo akasema kwa adabu, "Mzee, tulipita nyumba zote. Watu wa mtaa huu walituambia basi."

"Mliniuliza nyumbani kwangu, bwana mkubwa. Mke wangu yuko jikoni anasikia, binti yangu yuko naye. Mlitaka niseme nini? Natembea kwenda, natembea kurudi, na viatu nabadilisha pale reli. Kuna watu humu ndani tunaazimana kitambaa cha kufutia miguu. Sitawataja. Wana midomo yao."

Watu wakaanza kuguna. Kule nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Buda amesema! Huku kila mtu anapiga mguu, wacha mchezo!" Kicheko kikalipuka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, kwa sababu mtu akishacheka hawezi tena kukaa wima kama anayepigwa picha. Fundi wa Jericho akasimama. Jirani yake akasimama. Wakatazamana wakacheka tena. Halafu safu nzima, halafu upande mzima wa wanaume, viti vinaburutwa, mpaka waliobaki wamekaa wakawa ndio wa kutafutwa. Mhandisi wa Barabara alikuwa akihesabu kwa midomo. Mkuu wa Kitengo akazikunjua tena zile karatasi zake na kuziweka mezani.

Tulirudi nyumbani sisi watatu. Baba alitembea mbele kidogo, kichwa chini. Kufika, akaketi bila kuvua koti, akamwambia Mama, "Leo nimekuaibisha."

Mama alikuwa akivua leso. "Umeniaibisha kwa lipi?"

"Nilikuwa nikikuambia basi."

"Athmani," alisema Mama, na ni mara chache nilimsikia akimwita kwa jina, "basi unalosema linapita saa ngapi hapo kituoni? Mimi chai yako naiweka mezani saa ngapi? Ulidhani naamka gizani kwa kuwa sina usingizi?"

Baba akamtazama. Akaanza kuvua koti. Mimi nikaenda jikoni nikalia kwa raha zangu, na sioni haya kusema hivyo.

Baada ya mkutano ule Mkuu wa Kitengo hakuwa na njia nyingine. Wahesabu walipelekwa penye reli, wakiongozwa na Wekesa, safari hii wakahesabu miguu. Niliitwa kutoka stoo nikachore mstari wa wapita njia, nukta nukta kutoka Maringo hadi viwandani, na mahali nukta zilipokutana na ukuta nikauvunja ukuta kwa wembe. Nilikwangua wino mwekundu polepole nisitoboe karatasi. Nikaacha mwanya, nikachora kivuko na taa, nikaweka herufi zangu. Mkuu wa Kitengo alikagua akaweka zake. Kisha akafunga mlango.

"Ulikuwa na haki," aliniambia. "Lakini umenivua nguo mbele ya watu. Ilimradi nina sauti katika ofisi hii, hutapanda cheo."

"Sawa, bwana," nikasema. "Ilimradi mwanya ubaki."

Alitimiza ahadi yake, lazima nimpe heshima hiyo. Waliomfuata nao walilirithi faili langu likiwa na neno "mkaidi". Mkuu wa Kitengo wa pili, aliyependa madaraja makubwa ya magari, alinituma Dandora nikapime vituo vya mabasi, nikarudi na vituo vya mabasi pamoja na njia za miguu ambazo hakuziagiza. Miaka ya themanini Kayole ilipoanza kupangwa, Naibu Mkurugenzi mmoja aliniambia nipunguze nafasi ya waendao kwa miguu ili viwanja viongezeke. Nikamwomba aniandikie agizo hilo na kutia sahihi. Hakuandika. Kila mapitio yalipokuja alitokea mtu mwerevu, mara mshauri kutoka ng'ambo, mara mkubwa mpya, akauliza mwanya ule wa Makadara una faida gani, akapendekeza uzibwe. Kila mara nilisema jambo lilelile kwa sauti ileile mpaka wakachoka. Wasaidizi niliowafundisha kushika kalamu walipita, wakawa wakubwa wangu, wengine wakanipa amri. Niliwaamkia kila asubuhi na niliwakatalia pale ilipobidi.

Siku ya kustaafu walinifanyia karamu ndogo. Mkubwa wa siku hiyo, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kukwangua wino, alisema katika hotuba yake kwamba laiti Bi Zainabu angekuwa mpole kidogo angefika mbali. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, maana ni kweli. Wekesa, ambaye siku nyingi alikuwa ameacha kazi ile akafungua duka la vifaa vya ujenzi, alikuja na mkewe, akaketi mstari wa mbele akinikonyeza.

Baba alikuwa ameshafariki kufikia wakati huo. Alitembea hadi mwaka wake wa mwisho kazini, na tangu siku ya mkutano hakumwambia tena mtu yeyote kwamba anapanda basi.

Sasa nyinyi mnaniuliza, mkija kunitembelea na makabrasha yenu, kama sijutii. Mnaniuliza kwa upole, kama mnaomwuliza mgonjwa. Nijutie nini? Cheo kingenipa meza yenye droo za kufuli. Ukuta ulijengwa, mrefu kama walivyoutaka, mashariki na magharibi, saruji tupu. Na una mwanya mmoja. Mkitaka kuniambia nilikosea, msinitafute hapa sebuleni. Nendeni asubuhi mkasimame pale penye mwanya mkawaambie wanaopita warudi.